Maumivu Yamekwisha, Lakini Gego Bado

Hebu tuchukue mfano wa mama mchuma chai wa Kericho. Gego limemsumbua wiki nzima, halali wala hawezi kunywa chai moto. Anakopa pesa za chama, anakwenda kwa daktari wa meno na kutibiwa mzizi wa jino. Uchungu unaisha. Daktari anamwambia arudi kuvishwa kofia ya jino, lakini harudi. Arudie nini, na jino haliumi tena?

Miezi kadhaa baadaye, akitafuna mahindi ya kuchoma stendi ya Bomet, anasikia "kaa!" Gego limepasuka hadi mzizini. Sasa ni la kung'olewa tu, na pesa za kwanza zimepotea bure.

Je, kosa lilikuwa wapi? Katika kutibu mzizi, daktari hutoboa gego kwa juu, akatoa nyama laini ya ndani yenye mishipa ya fahamu, kisha husafisha vijia vya mizizi na kuviziba. Kumbuka gego hilo lilikuwa limekwisha kuoza, na sasa limetobolewa zaidi. Kuta zake ni nyembamba, na magego ndiyo yabebayo kazi nzito ya kutafuna. Kila ukiuma, kuta hizo husukumwa nje kama gogo linalopasuliwa kwa kabari. Kofia huzishika pamoja pande zote.

Mwaka 2002, watafiti Aquilino na Caplan walichapisha matokeo yanayotisha: kati ya meno yaliyotibiwa mizizi waliyoyachunguza, yale yasiyovishwa kofia yalipotea kwa kiwango cha mara 6 kuliko yaliyovishwa.

Kwa kawaida kazi hii huchukua safari mbili. Kwanza daktari huchonga gego, huchukua umbo lake na kukuvisha kofia ya muda. Hapo epuka chingamu, miwa na mifupa. Safari ya pili hugandisha kofia yenyewe. Ipo ya madini matupu, ya madini yaliyofunikwa kauri, na ya zirkonia, ambayo ni imara na rangi yake hukaribia ya jino. Kwa gego la nyuma kabisa lisiloonekana ukicheka, tanguliza nguvu kuliko urembo.

Kabla ya kukalia kile kiti, uliza bei ya mzizi na ya kofia kwa pamoja. Uliza pia kama kofia itapatikana hapo hapo au utatumwa mji mwingine, ili upange nauli na ruhusa ya kazi. Ikiwa pesa hazitoshi, mweleze daktari mapema, msikizane jinsi ya kulilinda gego kwa muda.

Na ukishavishwa, endelea kupiga mswaki hadi kwenye ufizi. Kofia haiozi, lakini jino lililo chini yake laweza kuoza.

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Tukutane Jumapili ijayo.