Kubebesha Waridi la Jangwa: Namna ya Kuliokoa Ua la Nyumbani

Mvua za masika huleta neema shambani, lakini katika baraza za nyumba nyingi huleta msiba mdogo usiotangazwa. Waridi la jangwa, lililosimama kiangazi chote katika chungu chake likiwa limechanua, huanza kuangusha majani huku udongo wake ukiwa umelowa. Mwenye nyumba hudhani mmea una kiu, naye huuongezea maji. Siku anapoutikisa, shina hulegea. Anapoligusa, kidole huzama. Mmea umeoza kutoka chini.

Ndivyo yalivyomfika mama mmoja aliyeachiwa mmea wa namna hiyo na mama yake mzazi. Maua yake yalikuwa ya rangi ya damu ya mzee, yenye petali nyingi zilizopangana mfano wa waridi la kweli, wala hapakuwa na mwingine kama huo mtaani. Marehemu alikuwa akiutoa uani kila asubuhi na kuuingiza barazani kila ilipotanda mvua. Baada ya msiba hapakuwa na mtu aliyekumbuka kuuingiza. Majirani walimshauri binti autupe, anunue mwingine. Yeye hakuwa akitaka mwingine. Alitaka ule ule. Mzee mmoja mtunza bustani aliupindua mmea, akautazama juu na chini, akasema kwamba mguu umekufa lakini kichwa kingali hai, na kwamba ua lile laweza kubebeshwa juu ya mguu mwingine kabla jua halijatua.

Kubebesha ni kazi ile ile ifanywayo na mabwana shamba kwa michungwa na miembe. Haihitaji shule kubwa wala gharama. Yahitaji kisu kikali, mkono safi na subira.

Asili ya mmea

Waridi la jangwa ni mwenyeji wa nchi kavu za Afrika na Bara Arabu. Huota porini kuanzia Senegal, kupitia Sudan, Ethiopia na Somalia, hata Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari katika Yemen, Oman na Saudi Arabia. Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål aliuandika alipokuwa Yemen, ambako alifariki mwaka 1763. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1775. Jina lake la kitaalamu, Adenium obesum, lina maana mbili: la kwanza limetokana na Aden, na la pili maana yake ni mnene. Unene huo ndio akiba yake. Shina na mizizi huhifadhi maji wakati wa mvua ili mmea uvumilie miezi ya ukame. Ndiyo maana maji mengi huudhuru kuliko kiu.

Kwa nini kubebesha?

Huenda mtu akauliza: mbona mbegu zisipandwe tu? Mbegu hupatikana katika maganda mawili yaliyounganika mfano wa pembe za ng'ombe, nazo zikiwa mpya huota upesi, aghalabu kwa muda wa wiki moja. Walakini mche wa mbegu ni kama mtoto: hufanana na wazazi wake lakini si wao. Mbegu za ua jekundu lenye petali nyingi huweza kuzaa ua jeupe, au la waridi, au lenye petali tano za kawaida. Maua mengi ya fahari yauzwayo siku hizi yametokana na kazi ya watunza bustani wa Thailand na Taiwan, waliochanganya mbegu kwa miaka mingi, na kila aina waliyoipenda wakaizidisha kwa kuibebesha.

Kukata tawi na kulichomeka udongoni kwaweza kufaa pia, na ua litakuwa lile lile. Lakini tawi la namna hiyo ni vigumu kuwa na kile kitako kinene ambacho ndicho uzuri wa mmea. Hivyo basi njia iliyo bora ni kuoa mambo mawili: mche uliooteshwa kwa mbegu utoe mguu mnene, na tawi la mmea uliochaguliwa litoe ua. Ule mche huitwa shina mama. Lile tawi huitwa kikonyo.

Wakati na vifaa

Kazi hii hufanywa wakati wa joto, mimea inapokuwa katika kukua. Mvua nyingi na baridi havifai, kwa kuwa jeraha huchelewa kupona na kuvu hupata nafasi. Mwenye kufanya kwa hiari yake na angojee kiangazi. Mwenye mmea unaooza hana hiari. Yeye na afanye siku hiyo hiyo, barazani pasiponyesha. Akiwa hana shina mama tayari, vikonyo visafi vikifungwa katika karatasi kavu na kuwekwa kivulini vyaweza kungoja siku kadhaa.

Shina mama linalofaa ni mche wenye afya, ulionenepa kati ya penseli na kidole gumba. Usinyweshewe maji siku chache kabla ya kukatwa, ili utomvu usitoke kwa wingi mno. Vifaa vingine ni wembe mpya au kisu kilichonolewa sawasawa, spiriti na pamba za kufutia, karatasi laini, glavu za mpira, na ukanda wa kufungia. Ukanda huo waweza kuwa wa plastiki laini, au uliokatwa mwembamba katika tyubu kuukuu ya baiskeli na kuoshwa vizuri.

Kifuniko nacho chahitajika ili kikonyo kisikauke. Zamani watu walitumia mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Chupa ya maji iliyokatwa kitako hufanya kazi hiyo hiyo, tena kwa ubora zaidi, kwa sababu kizibo chake hufunguliwa kidogo kidogo.

Kuchagua kikonyo

Kikonyo hukatwa katika tawi lililokomaa kiasi, si ncha laini ya kijani kibichi wala si gogo gumu, na urefu wake ni baina ya sentimita tano na kumi. Majani yote huondolewa, kwa kuwa kikonyo kisicho na mizizi hakiwezi kuyanywesha. Upande wa juu utiwe alama, maana kikonyo kikigeuzwa kichwa chini hakiwezi kustawi.

Kwa mmea ulioanza kuoza, hapa ndipo penye hukumu. Tawi likatwe, na uso wa mkato utazamwe kwenye mwanga. Ukiwa mweupe au wa kijani hafifu pande zote, kikonyo ni kizima. Ukionekana na duara la hudhurungi au hata nukta moja tu, kuoza kumekwisha kupanda. Basi wembe ufutwe kwa spiriti, na tawi likatwe tena juu zaidi, mpaka nyama safi ionekane. Asiyefuta wembe baada ya kila mkato hupeleka ugonjwa mwenyewe kutoka kipande hata kipande.

Mama yule alikata matawi saba kwa maelekezo ya mzee. Manne yalikuwa na nukta mpaka nchani, yakatupwa. Matatu yalitoka safi.

Mkato bapa na mkato wa kabari

Njia iliyo rahisi kwa mwanafunzi ni mkato bapa. Kichwa cha shina mama hukatwa mara moja, sawasawa, bila kusokota wembe. Mguu wa kikonyo hukatwa vivyo hivyo. Utomvu hufutwa kwa karatasi laini, kisha nyuso mbili hukutanishwa na kubanwa. Ukanda hupitishwa juu ya kikonyo na kushuka pande zote mbili mpaka kwenye chungu, ili ukigandamize chini kisiteleze.

Njia ya pili ni mkato wa kabari. Shina mama, likiisha kukatwa kichwa, hupasuliwa katikati kwenda chini kwa kiasi cha sentimita moja na nusu. Mguu wa kikonyo huchongwa pande mbili uwe kama kabari ya seremala, kisha huingizwa katika ule mpasuko na kuzungushiwa ukanda kwa nguvu ya kadiri. Kabari hukaa imara zaidi, lakini mikato yake ni minne badala ya miwili, na kila mkato usionyooka huacha uwazi wa kuingiza hewa na maji.

Katika njia zote mbili siri ni moja. Chini kidogo ya ganda kuna tabaka jembamba la ukuaji, na hilo ndilo liunganishalo jeraha. Tabaka la kikonyo lazima ligusane na tabaka la shina mama. Vipande viwili visipolingana unene, kikonyo kisiwekwe katikati kwa ajili ya kupendeza macho; kisogezwe upande mmoja ili walau hapo maganda yakutane. Afadhali kiungo kisichopendeza kilicho hai kuliko kilichonyooka kilichokufa.

Siku za kungojea

Mmea huwekwa kivulini penye mwanga na joto, umefunikwa kwa chupa yake. Kiungo kisipate maji hata tone. Udongo ukikauka kabisa, maji kidogo yatiwe pembeni mwa chungu. Matone mengi yakijikusanya ndani ya chupa, kizibo kifunguliwe saa chache. Katika wiki ya pili au ya tatu macho ya kikonyo huvimba na kutoa vijani vidogo. Hiyo ndiyo habari njema. Kifuniko huondolewa kidogo kidogo, na ukanda hufunguliwa kiungo kikiisha kushikamana. Kikonyo kilichonywea, kikawa cheusi au laini, kimekufa. Lakini shina mama halijapotea. Likatwe chini kidogo mpaka penye usafi, liachwe lipone, nalo laweza kubebeshwa tena.

Wengi huharibu kazi katika siku hizi kwa kutaka kujua. Hufungua ukanda siku ya tano, wakatikisa, wakafunga tena. Haraka haraka haina baraka: kiungo kilichotikiswa ni jeraha jipya.

Baadaye machipukizi hutokea chini ya kiungo. Hayo ni ya shina mama, nayo yaondolewe kwa mkono mara yaonekanapo. Yakiachwa hunyonya nguvu zote, na mwenye nyumba hustaajabu mwakani kuona ua asilolijua.

Hatari ya utomvu

Jambo moja lisichukuliwe kwa mzaha. Utomvu wa waridi la jangwa ni sumu yenye kudhuru moyo, na jamii kadhaa za Afrika ziliutumia kupaka mishale ya kuwindia. Mwenye kubebesha avae glavu, asijisugue macho, na anawe kwa sabuni akiisha. Kisu hicho kisirudi jikoni. Majani na vipande vilivyobaki vifukiwe mahali ambapo mbuzi na kuku hawafiki, na kazi yote ifanyike watoto wakiwa mbali. Mtoto aliyetafuna jani au ua apelekwe hospitali upesi pamoja na kipande cha mmea wenyewe, ili mganga aujue. Asingojewe mpaka aonyeshe dalili.

Kuzuia ni bora kuliko kuokoa

Msiba wote huu huepukwa kwa chungu chenye matundu na udongo usiotuamisha maji. Mchanga mkubwa wa mtoni, changarawe au matofali yaliyopondwa, makaa ya mkaa yaliyovunjwavunjwa na samadi kidogo iliyooza vizuri hufanya mchanganyiko unaofaa. Maji yatiwe udongo unapokuwa mkavu. Jua liwe la kutosha nusu ya siku au zaidi. Katika nyanda za juu zenye baridi, mmea uingizwe ndani usiku, na maji yapunguzwe sana unapopukutisha majani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye kuuingiza mmea barazani siku ya mvua hatatafuta wembe siku ya pili.

Wala haifai mtu kwenda porini kung'oa miti mikongwe kwa ajili ya kitako chake. Mti huo huchukua miaka mingi kunenepa, na uking'olewa ovyo mizizi yake hukatika, ukafia chunguni. Mbegu za ganda moja hutosha mtaa mzima. Ganda lifungwe uzi kabla halijapasuka, kwa maana kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na hupeperushwa na upepo.

Katika vikonyo vitatu vya mama yule, kimoja kilioza siku ya tisa. Viwili vilishika. Mmea wa zamani ulifukiwa nyuma ya nyumba, na chungu chake kikaoshwa, kikaanikwa juani, kikatiwa udongo mpya. Kwa kuwa kikonyo hutoka katika mmea uliokwisha kukomaa, hakikawii kama mche wa mbegu. Baada ya miezi michache mmoja ulitoa ua, la damu ya mzee, petali zimepangana kama zamani. Wa pili alimpelekea dada yake aliyeolewa mbali, maana alikuwa amejifunza kwamba kitu cha thamani kikikaa mahali pamoja hukaa kwa mashaka. Na tangu hapo, wingu likitanda, wa kwanza kuinuka katika nyumba ile ni mtoto wa miaka kumi, aliyekabidhiwa kazi ya kuuingiza mmea wa bibi yake barazani.