Msiutazame mkia, itazameni saa

JICHO PEMBENI
Na Mwanaidi Shomvi

Miaka ya 1970, sebule nyingi za wafanyakazi wa Lubumbashi, Kongo, hazikukosa picha ya Mamba Muntu: juu mwanamke, chini samaki, ngozi nyeupe, nywele ndefu, kakaa ukingoni mwa maji. Wachoraji wa mitaani walimchora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, kisha wakapita naye nyumba kwa nyumba wakimuuza.

Wapo wahubiri wanaotaka picha hizo zichomwe moto, eti ni ushirikina mtupu. Nawasihi kwanza wamtazame mkononi. Mara nyingi Mamba Muntu amevaa saa. Jini wa majini na saa, wapi na wapi? Saa ni ya mtu wa zamu, anayeamshwa na king'ora na kuhesabu siku hadi mwisho wa mwezi. Na mji wenyewe ulikuzwa na shaba ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ambayo Rais Mobutu aliitaifisha.

Kisa cha Mamba Muntu wenyeji wanakijua. Mwanamume akiokota nywele au kitana chake, humjia ndotoni kukidai. Akirudishiwa, mali humiminika, ila kwa sharti: siri isitoke, na mwanamke mwingine asiguswe. Mimi hapo naona hesabu za mtaani. Watu wawili wanapokea mshahara uleule, mmoja ghafla ananunua gari. Hasemi kalipata wapi, wala jirani haulizi. Picha ya ukutani imeshajibu.

Wala tusidanganyane kwamba ni mzimu wa kale usiojua wageni. Mami Wata wa Afrika Magharibi, ambaye ni dada yake, mtaalamu wa sanaa Henry John Drewal alimfuatilia hadi kwenye picha ya mwanamke mcheza na nyoka iliyochapwa Hamburg, Ujerumani, miaka ya 1880. Yaani sura ilishuka melini pamoja na bidhaa nyingine. Kwa hiyo ule weupe haunishangazi. Katika mji ambao fedha ilianza kwa mzungu mwenye mgodi, mleta utajiri angechorwa wa rangi gani?

Mchoraji aliyemvika saa alijua anasema nini. Mwenye picha hiyo nyumbani asiichome. Aiache ukutani, na watoto wakiuliza, awaeleze habari za mgodi.