Sheria ya usalama iko Kinshasa, mlango wazi uko Kindu

Tarehe 12 Februari 2024, wezi wa intaneti waliingia kwenye rezo ya Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayopitisha malipo ya hospitali na famasi. Walitumia jina na neno la siri vya kuiba, kwenye mlango mmoja ambao haukuomba uhakikisho wa pili. Siku tisa baadaye kazi zilisimama, famasi nyingi zikakwama, na UnitedHealth, kampuni mama, ikalipa dola milioni 22. Habari za watu karibu milioni 190 ziliguswa.

Kinachouma zaidi ni kwamba sheria ilikuwepo. Mkubwa wa UnitedHealth wakati huo, Andrew Witty, aliliambia Bunge la Marekani kwamba kampuni ilidai uhakikisho wa pili kwenye milango yote ya nje. Lakini Change ilinunuliwa mwaka wa 2022, na serveri ile ilikuwa bado haijafikiwa.

Banki au shirika la mashariki mwa Kongo lenye ofisi Bunia, Beni na Kindu linaweza kuumia vilevile, ikiwa kila ofisi ina serveri yake inayoamua nani aingie kwenye rezo. Mtumishi anafukuzwa Beni asubuhi, fundi wa Beni anamfuta. Kindu hawana habari. Jioni mtu huyo anaingia kupitia Kindu, tena bila kuvunja kufuli.

Wakubwa wengi wanadhani ujumbe wa WhatsApp kwa mafundi unatosha. Hautoshi. Serveri moja inapaswa kuwa kiongozi: sheria zinaandikwa pale tu, na zile zingine zinazinakili zenyewe kila usiku. Fundi wa ofisi ndogo asiguse sheria za wote. Yale ya pale tu, kama mashine za kuchapisha, yawekwe pembeni, maana kunakili kunaweza kufuta kilichokuwepo.

Wapo watakaosema umeme na intaneti hukatika ovyo. Ni kweli, na ndiyo sababu serveri iliyokosa nakala ya usiku lazima ionekane asubuhi kwenye orodha, si kugunduliwa baada ya wizi. Hofu yenye uzito zaidi ni nyingine: kosa moja la kiongozi linasambaa kote kwa usiku mmoja na kuwafungia wafanyakazi wote nje. Kwa hiyo sheria mpya ijaribiwe kwanza kwenye ofisi moja, na ile ya zamani ihifadhiwe ili iweze kurudishwa.

Kongo ina Kanuni ya Dijitali tangu Machi 2023, na anayeshika habari za watu anadaiwa kuzilinda. Mkurugenzi asiyejua ni serveri gani ilikosa sheria ya jana hawezi kusema anazilinda. Aiombe orodha hiyo kesho asubuhi, kabla ya mkutano wa kwanza.