Fungueni Lile Boksi la Picha, Hamu Itawakuta Humo



Kuna jibu moja ambalo utalisikia kwa karibu kila mtu aliyewahi kutengeneza albamu ya kumbukumbu ya familia kisha akaiacha njiani. Muulize, "Mbona ile albamu haijaisha?" Atakwambia, "Hamu imeniisha, nangoja irudi." Unapita mwaka, miwili, mitano. Gundi imekauka, karatasi za rangi zimetafunwa na mende, na picha zimo kwenye boksi la viatu juu ya kabati.

Mimi nasema jibu hilo si sahihi, tena lina madhara. Hamu haingojwi! Na wakati tunaingoja, kinatutoka kitu kisichouzwa duka lolote: wazee wanaojua majina ya watu waliomo kwenye zile picha.

Hebu tujiulize, hamu hiyo iliuawa na nini? Wengi hujilaumu kwa uvivu. Sivyo. Mtu huyo huyo anapika, anafua, anashona, anasoma hadi usiku. Kilichomchosha ni namna alivyofundishwa kuifanya kazi hii.

Tuangalie ilikotoka. Kubandika kumbukumbu kwenye kitabu ni jambo la zamani. Huko Marekani, mwandishi Mark Twain alisajili mwaka 1873 uvumbuzi wake wa kitabu ambacho kurasa zake zilikuwa na gundi tayari; unalowanisha na kubandika. Lakini mtindo wa leo ulikulia jimbo la Utah. Mwaka 1980 familia ya Christensen ilionyesha albamu zake zaidi ya 50 katika mkutano wa kumbukumbu za koo uliofanyika Salt Lake City, na mwaka uliofuata wakafungua duka. Mwanzo wake, basi, ulikuwa ni ukoo: nani kazaliwa na nani, na walipitia nini.

Kisha biashara ikashika usukani. Kampuni ya Creative Memories, iliyoanza mwaka 1987, ilikuwa ikiuza vifaa katika vikao vya kina mama majumbani. Yakaja magazeti, mikasi ya kukata kingo za mawimbi, mihuri, riboni na stika za kila aina. Baadaye soko likaporomoka, na kampuni mama ya Creative Memories iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2008, ikaomba tena 2013. Soko lilishuka, lakini fikra ilibaki, na sasa inatufikia kupitia Pinterest na YouTube: kwamba ukurasa usio na mapambo si ukurasa.

Fikra hiyo ndiyo inayoua hamu, na inaiua kwa njia tatu.

Kwanza, inaleta mashindano. Unatazama kurasa za mtu mwingine, unaona wako haufai, unafunga kitabu. Ulianza kwa ajili ya wanao, sasa unafanya kwa ajili ya macho ya watu. Hiyo ni riyaa, na riyaa haina starehe.

Pili, inaleta israfu. Kila hamu inaposhuka, unaambiwa ununue kifaa kipya. Unanunua, unafurahi siku mbili, kisha kifaa nacho kinakuwa lawama ndani ya droo. Jamani, mwenye karatasi 300 ambazo hajazitumia hawezi kuponywa na ya 301!

Tatu, inaleta deni. Umejiwekea sharti la kuzipanga picha zote kwa tarehe, tangu harusi hadi leo. Ukikosa mwezi mmoja una deni, ukikosa miaka mitatu deni limekuwa mlima. Nani ana hamu ya kukaa mezani na mdai wake?

Dawa yake ni kuanza na jina badala ya pambo, na kuanza popote. Toa picha moja tu, hata ya jana. Ibandike kwenye karatasi nyeupe, andika chini yake: huyu ni nani, hapa ni wapi, mwaka gani, na sentensi mbili za lililotokea. Ukurasa umekwisha! Dakika 15 zimetosha. Kesho utajikuta unataka kufanya mwingine, kwa sababu hamu huja nyuma ya kazi, kama joto linavyokuja baada ya kuni kushika moto.

Wasio na picha, au wasiopenda kuweka picha za watu, wanayo mengi: barua, kadi ya mwaliko wa harusi, kipande cha kanga ya bibi, mapishi yaliyoandikwa kwa mkono wake. Mwanafunzi wa bweni anayo tiketi ya basi ya siku ya kwanza.

Jambo moja la ufundi halina mjadala. Zile albamu za zamani zenye kurasa za kunata na plastiki juu zinaharibu picha. Gundi yake huzigeuza manjano na kuzigandisha. Zitoe. Iliyoganda usiivute kwa nguvu, pitisha taratibu nyuma yake uzi wa kusafishia meno. Tafuta karatasi isiyo na asidi, na epuka plastiki ya PVC.

Wapo watakaosema, "Picha zangu zote zimo kwenye simu." Sawa, na majina je? Simu inajua tarehe, lakini haijui kwamba yule aliyesimama pembeni ndiye aliyemlea mama yako. Halafu simu huibwa, huanguka majini, na nywila husahaulika.

Kwetu sisi jambo hili ni zito zaidi. Zipo familia ambazo bibi alizaliwa Ujiji, akaolewa Buyenzi kule Bujumbura, na wajukuu wako Kampala. Wamevuka mipaka, wengine wakikimbia na mzigo mmoja tu mkononi. Picha iliyookoka safari ile, ikikosa jina, mjukuu ataiona kama picha ya mgeni. Na anayejua jina ni mzee mmoja, ambaye macho yake yanapungua nguvu kila mwaka.

Kwa hiyo wiki hii usiende dukani, wala usingoje hamu. Chukua boksi, kaa karibu na mzee wako, mpe kijana kalamu. Uliza picha moja baada ya nyingine: "Huyu nani?" Andikeni kabla chai haijapoa. Mapambo yatafuata, na yasipofuata hakuna kilichoharibika.