Mashtaka Yasiyomhusu Mshtakiwa

Wazazi wengi huku Leparua, na kwingineko Isiolo, hawazitaki katuni za Kijapani zenye mambo ya kiuchawi. Wanasema zinawafundisha vijana ushirikina, tena ni mambo ya ugenini yasiyotuhusu sisi wafugaji. Hoja yao si ya kupuuzwa. Katika nchi ambayo wazee wa Kilifi wameuawa kwa kushukiwa tu kuwa wachawi, mzazi anayeogopa mambo hayo hana wasiwasi wa bure. Zipo pia katuni ambazo uchawi ni rungu la kumpigia adui, wala haumgharimu mwenyewe kitu. Lakini lawama hizo zikielekezwa kwa Fullmetal Alchemist: Brotherhood, mfululizo wa vipindi 64 ulioonyeshwa kati ya 2009 na 2010, zimekosea mlango.

Kwanza, tutazame hizo nguvu zenyewe. Shujaa Edward na mdogo wake Alphonse wamefiwa na mama, nao wanajaribu kumfufua kwa alkemia, yaani ufundi wa kugeuza kitu kuwa kingine. Wanapima kila kitu: maji lita 35, kaboni kilo 20, amonia lita 4, chokaa kilo moja na nusu, hata chumvi gramu 250. Hesabu imetimia, na bado kinachozuka sakafuni si mama. Edward anapoteza mguu, kisha anautoa mkono ili roho ya Alphonse, aliyepoteza mwili mzima, ishikiliwe ndani ya vazi la chuma. Sheria ni kwamba hupati kitu bila kutoa chenye thamani ileile, na jiwe linalosifiwa kuwa linaikwepa sheria hiyo, tunakuja kugundua, limetengenezwa kwa roho za watu. Mwishoni Edward anaitoa alkemia yake yote, asiipate tena, ili mdogo wake arudishiwe mwili. Ingekuwa hadithi ya kuupigia uchawi debe, ingemwachishaje shujaa wake uchawi huo, tena kwa hiari?

Pili, pingamizi la mzazi mcha Mungu limo ndani ya hadithi yenyewe. Watu wa Ishval wanaiona alkemia kuwa ni kumkosea Muumba, kwa sababu inakigeuza alichokiumba. Hawachekwi kwa imani hiyo.

Tatu ni hilo la kwamba hayatuhusu, na hapa sikubali hata kidogo. Hao wa Ishval ni watu wenye ngozi ya kahawia wa nchi kame, waliotwaliwa na dola wasiyoitaka. Mtoto wao anapigwa risasi, ghasia zinazuka, na serikali inatuma jeshi kuwamaliza. Huku kwetu, Wilaya ya Isiolo ilikuwa ndani ya vita vya Shifta, vya serikali na waliotaka kujitenga, kuanzia 1963 hadi 1967. Watu walisukumwa kambini, Garba Tula na Merti, na mifugo yao ikauawa. Mwaka 1970 ikapitishwa sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa yaliyotendeka. Sisemi Ishval ni Isiolo, wala mtunzi wa hadithi, Hiromu Arakawa, hakutuwaza sisi. Nasema hadithi hii inatoa kile ambacho sheria ile ilitunyima: maofisa Mustang na Hawkeye, ingawa ni marafiki wa shujaa, hawajisafishi na damu waliyoimwaga Ishval, bali wanakubali kwamba siku moja wanapaswa kusimama mahakamani kwa ajili yake.

Ni kweli kwamba mauaji ya Ishval tunasimuliwa zaidi na walioua kuliko walionusurika, na hiyo ni kasoro. Hata hivyo, kasoro hiyo haifuti ushahidi uliotangulia.

Na huo ugeni una mipaka. Arakawa alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, Hokkaido, akafanya kazi humo miaka saba. Kuna kipindi ambacho mwalimu Izumi anawaacha wale ndugu kisiwani mwezi mzima, wajitafutie chakula. Edward anamnasa sungura, kisu kinamshinda mkononi, na mbweha anamnyakua sungura huyo akawalishe watoto wake. Kijana aliyewahi kushika mbuzi akichinjwa hahitaji kufafanuliwa hapo.

Si katuni ya watoto wadogo, na kipindi cha nne kinatisha hata mtu mzima. Ila kwa kijana wa sekondari, nawaomba wazazi wenzangu: kabla hamjamnyang'anya simu, ketini naye mtazame kipindi cha pili, kile cha ndugu wawili na mama yao, kisha ndipo muamue.