Nani Ataandika Riwaya ya Mtu Anayelipa Mkopo?

Nina ugomvi na fasihi yetu, na ugomvi wenyewe ni wa pesa. Mara nyingi nikifungua riwaya ya Kiswahili nikamkuta mtu anayehesabu shilingi zake, najua yatakayompata. Ataitwa bahili, mkono wa birika, na mwisho wake ama ataibiwa, ama watoto watamkimbia, ama atakufa peke yake juu ya godoro lililoshonewa noti. Nenda upande wa pili wa duka la vitabu, kwenye vile vya kufundisha utajiri, na mtu huyohuyo ni shujaa: aliacha soda, akaweka akiba, leo ana ploti tatu na picha yake iko jaladani.

Kambi hizi mbili zinajifanya maadui, lakini mimi naziona ndugu wa baba mmoja. Zote zinaamini kwamba kubana matumizi ni tabia ya mtu, nzuri au mbaya. Hakuna inayosema kwamba ni kazi, tena kazi ya miaka, yenye ujuzi wake, uchovu wake na gharama ambazo mara nyingi hulipwa na watu wengine.

Nazungumza nikiwa ndani ya shughuli yenyewe. Mimi ni mhariri wa vitabu na ninalipa nyumba ya vyumba viwili nje kidogo ya Nairobi. Hebu tufanye hesabu ya mkopo unaofanana na wangu: shilingi 4,000,000, miaka 15, riba ya asilimia 14 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio. Kila mwezi unalipa kama 53,270. Mwezi wa kwanza, 46,667 kati ya hizo ni riba tupu. Deni lenyewe linapungua kwa 6,603 tu. Yaani umefanya kazi mwezi mzima, umelipa, na bado unadaiwa karibu kilekile. Ukifika mwisho utakuwa umelipa zaidi ya 9,500,000 kwa nyumba ya 4,000,000.

Sasa ongeza 5,000 kila mwezi tangu mwanzo, mradi benki ikubali kuzielekeza kwenye deni lenyewe. Mkopo unakwisha baada ya miezi 140 hivi badala ya 180. Umeokoa zaidi ya miaka mitatu ya maisha yako, na karibu 1,480,000.

Na hiyo elfu tano inatoka wapi? Inatoka kwenye githeri ya mkebe. Inatoka kwenye kukaa ofisini hadi saa mbili usiku ili nauli ya matatu ishuke, hasa mvua ikinyesha. Inatoka kwenye kuchemsha maharagwe ya wiki nzima siku moja ili mtungi wa gesi usogee, na kununua gunia la mchele na jirani mkagawana kwa kikombe. Mtu anayefanya haya kwa miezi 140 ana ustadi na subira kama baharia au mwindaji. Baharia tumemwandikia. Huyu wa githeri tunamcheka.

Tazama tunaowasamehe. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare, ikachapishwa 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kwa jina la *Mabepari wa Venisi*. Mada ya Kiingereza inamtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akawaita wote mabepari, na naona alikuwa na haki. Lakini someni tena kisa chenyewe. Bassanio amefuja mali yake kwa kuishi maisha yaliyomzidi, anakiri hivyo kwa kinywa chake, kisha kunatafutwa dukati 3,000 za miezi mitatu ili akaposee. Rafiki yake anaweka ratili ya nyama ya mwili wake kuwa dhamana. Mwisho wa yote, mfujaji anapata mke tajiri na sisi watazamaji tunapiga makofi. Deni la Bassanio linaonekana la kimahaba, na hakuna anayemwuliza alikula nini wiki hiyo.

Najua nitajibiwa nini, na jibu ni zito. Waandishi wetu wana sababu ya kuishuku pesa. Katika *Shetani Msalabani* cha Ngũgĩ wa Thiong'o, Wariinga anapoteza kazi, kisha anatupwa nje ya chumba chake cha kupanga Nairobi kwa kukataa kodi iliyopandishwa. Hilo halikuwa jambo la kubuni tu, maana waliopanga wanalijua. Katika nchi ambayo ardhi ilichukuliwa kwa nguvu kisha ikagawanywa kwa kujuana, mwandishi anayemwona mwenye mali akauliza aliipataje anafanya kazi yake. Silipingi hilo hata kidogo.

Ila mtu anayelipa mkopo si bepari. Hati ya nyumba haiko kwake, iko benki. Amekaa katikati ya Wariinga na mwenye kodi, na fasihi yetu haina kiti cha kumkalisha hapo. Inajua vizuri sana kumfukuza mtu nyumbani. Miaka kumi na mitano ya kuingia nyumbani, siku baada ya siku, imewaachia wahubiri wa utajiri.

Nao wahubiri hao wanadanganya kwa namna yao. Wanamwambia mama anayenunua mafuta ya kupikia ya shilingi ishirini kwamba haba na haba hujaza kibaba. Huyo mama anajua kuhesabu kuliko wao. Mafuta ya kupimiwa, sukari ya kupimiwa, sabuni ya kukatiwa: hiyo kadogo humgharimu zaidi, kipimo kwa kipimo, kuliko mimi ninayebeba mtungi wa lita tano. Kubana matumizi kunahitaji mtaji. Mimi naokoa kwa sababu nina mshahara unaoingia tarehe inayojulikana. Kumwita yeye mvivu na mimi mwadilifu ni uongo, bana, hata ukiuchapa kwa wino wa dhahabu.

Mtu ataniambia wenye mikopo ya nyumba ni wachache. Kweli: Benki Kuu ya Kenya ilihesabu takriban 30,000 mwishoni mwa 2023, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 47. Lakini wafalme ni wachache zaidi na tenzi zao zimejaa. Tena waongeze wote wanaojenga kwa mkopo wa sacco, chumba kimoja mwaka huu, mabati mwaka kesho. Hesabu yao na yangu ni ndugu.

Na humo ndimo kuna riwaya. Januari dada yangu mkubwa alinipigia simu. Mwanawe alikuwa anaingia sekondari, na ilipungua elfu kumi. Nikamwambia, "Dada, nina tatu." Akanyamaza. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Haya, asante, mwenye nyumba."

Sijui mwandishi mkubwa ambaye angehitaji zaidi ya hapo. Hakuna bahili katika simu ile, wala shujaa. Kuna watu wawili wanaopendana na pesa isiyotosha, na tarehe tano ya benki ambayo haina udugu na mtu. Nikitoa kumi, mtoto anaingia shule bila mama yake kukopa na mimi nachelewesha malipo. Nikitoa tatu, nyumba inabaki salama na neno "mwenye nyumba" linabaki masikioni. Vitabu vya utajiri vitanipongeza kwa kusema hapana. Riwaya zetu zitaniadhibu. Yote mawili ni njia ya kukwepa kulitazama jambo lenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu limejaa: nyanya, nauli, tokeni za stima, elfu tatu za dada. Ukilisoma kwa makini, lina mapenzi, hofu na aibu kushinda miswada mingi inayofika mezani kwangu. Andikeni basi. Nileteeni mtu anayehesabu shilingi ambaye hamjaamua kumcheka wala kumsifu. Hata ukiwa kurasa 600 nitausoma wote, jioni, ofisini, nikingoja nauli ishuke.