Msiilaumu brashi kavu, ilaumuni rangi yenu

Leo naweka habari za programu kando, maana kuna jambo limenikera kwa muda na lazima niliseme. Kila mara mtu mpya anapouliza afanye nini ili riveti na kingo za modeli yake ya kifaru zionekane vizuri, hakosi bingwa wa kumjibu kwamba mbinu ya brashi kavu ni ya kizamani. Ati huiacha modeli kama imemwagiwa unga. Ati anunue eabrashi na kompresa, basi.

Ushauri huu ni upuuzi, na ni upuuzi wa bei ghali. Anayeuliza hapa Kenya huenda ana modeli moja tu, iliyoletwa kutoka ng'ambo. Anaambiwa atumie pesa nyingi kuliko bei ya modeli yenyewe kukwepa kazi inayofanywa kwa brashi kuukuu na kipande cha tishu.

Kwa asiyejua: unachovya brashi kwenye rangi iliyo nyepesi kidogo kuliko ile ya chini, unaifuta kwenye tishu mpaka iwe karibu haina kitu, halafu unaipitisha kwa wepesi juu ya modeli. Rangi kidogo iliyobaki inashika sehemu zilizoinuka peke yake. Shepard Paine wa Marekani na François Verlinden wa Ubelgiji ni kati ya waliofanya mbinu hii ijulikane sana miaka ya 1970 na 1980. Na enzi hizo wengi walitumia rangi gani? Enameli na rangi za mafuta za wachoraji.

Hapo ndipo kiini cha ugomvi wangu kilipo. Akriliki hukauka haraka. Wakati wewe bado unafuta brashi, rangi inakaukia kwenye nywele zake, na kinachofika kwenye modeli ni chenga. Huo ndio unga mnaoulalamikia! Enameli hukaa mbichi kwa muda wa kutosha kusambaa na kuingiliana na rangi ya chini bila kuacha mpaka. Rangi ya mafuta hukaa mbichi hata siku kadhaa. Ukiikamua juu ya kadibodi kwanza, kadibodi inafyonza mafuta na rangi inapunguza kung'aa.

Kuna faida nyingine ambayo mtu wa kompyuta ataipenda. Paka rangi ya chini kwa akriliki, iache ikauke kabisa, kisha fanya brashi kavu kwa enameli. Ukizidisha, unafuta kwa brashi yenye waiti spiriti kidogo kabla enameli haijakomaa, na akriliki ya chini haiguswi. Ni kitufe cha kurudi nyuma. Ukiweka akriliki juu ya akriliki, kitufe hicho huna.

Ila someni lebo, jameni. Humbrol wana namba zilezile za rangi kwa enameli na kwa akriliki. Kwa akriliki za Tamiya, herufi XF ni rangi isiyong'aa, X peke yake ni inayong'aa, na kwa kazi hii unataka isiyong'aa juu na chini. Wala msikimbilie nyeupe. Chukua rangi ileile ya kifaru, iongezee kidogo rangi ya mchanga. Kijani kibichi kikichanganywa na nyeupe tupu hugeuka rangi ya dawa ya meno.

Nakubali kwamba akriliki nzito zilizotengenezwa kwa ajili ya brashi kavu zipo. Citadel walitoa zao mwaka 2012, na kwa visanamu vya michezo ya vita zinafaa. Nakubali pia kwamba bawa la ndege la 1/72, laini kama kioo, halina cha kushikwa na brashi. Minyororo ya kifaru, injini, viti, nguo za askari: hapo ndipo kazi yake.

Sasa uso wenyewe, ambao mabingwa wetu hawautaji kabisa. Fanyeni hesabu. Kwenye modeli ya 1/35, tabaka la rangi la milimita 0.1 ni sawa na milimita 3.5 kwenye kifaru halisi. Chembe ya vumbi inakuwa kokoto. Brashi kavu haichagui: hushika riveti, na hushika vilevile alama ya kidole chenye gundi, mstari wa kalibu na nywele ya paka. Kwa hiyo osha vipande kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, uondoe mafuta ya kiwandani. Kwangua mistari ya kalibu kwa mgongo wa wembe, piga msasa wa maji namba 400, umalizie na 1000. Puliza praima ya kijivu, tabaka jembamba, na uiache usiku kucha. Kijivu kitakuonyesha mishono uliyodhani umeificha. Uso ukibaki unang'aa, brashi inateleza. Ukiwa na chengachenga, inashika kila mahali na hapo utaapa kwamba mbinu ni mbovu.

Na tafadhali, fundi wa magari akikupa thina yake ya kupulizia rangi, kataa. Ile huyeyusha plastiki ya polistireni. Waiti spiriti ndiyo inayofaa, madirisha yakiwa wazi. Fremu ile ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vipande usiitupe: ioshe, ipake praima, ufanyie majaribio humo kabla ya kugusa kifaru.